Kimya cha Mkwe

Jumatatu, Kibiti. Mvua imenyesha asubuhi ikakatika, na sasa limebaki lile joto la baada ya mvua, nguo zinanata mgongoni. Umeme upo, ajabu. Feni ya ofisini inazunguka huku inalia. Nimekaa chini yake na hasira zangu, na leo sina mpango wa kuzificha.

Kwanza niseme hili, wanaonijua wasihangaike: mama mdogo yuko hai. Amelazwa, ameongezewa damu, jana jioni amekunywa uji nusu kikombe. Zuhura, bintiye wa kwanza, yuko naye wodini, hamwachi hata kidogo.

Haya. Sasa niseme ninalotaka kusema.

Fadhili ni mjinga.

Nimetafuta neno lenye adabu zaidi tangu Jumamosi, sijalipata. Ana shahada mbili, ana kompyuta nyembamba utadhani sahani, ana fulana yenye maneno ya Kizungu kuhusu kuibadilisha dunia, na hajui tofauti kati ya mtu aliyesema hapana na mtu aliyenyamaza. Huku kwetu mtoto akiulizwa, "Kikombe umevunja wewe?" akanyamaza, akaanza kuangalia vidole vyake vya miguu, mama yake anajua pa kuanzia. Fadhili angeandika "hapana", akaenda zake kunywa kahawa.

Kwa wanaopita hapa bila kujua kazi yangu: mimi naandika programu za kompyuta. Ndiyo, Kibiti. Ndiyo, na ushungi wangu kichwani. Mradi wetu una ofisi Dar, ambako ndiko wanakokaa wenye akili, na una vyumba viwili hapa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ambako nakaa mimi na harufu ya rangi na simenti. Fadhili ndiye mbunifu mkuu. Mimi ni "dada wa huko site", ndivyo anavyoniita, ingawa jina langu ni Tatu na si gumu kulitamka.

Kazi yenyewe ni hii. Huko deltani, ambako kwenda kliniki ni safari ya boti, kuna wahudumu wa afya wa vijiji. Mhudumu anamtembelea mjamzito, kisha anaandika meseji ya kawaida, kwa Kiswahili chake, hali ya mama ilivyo. Programu inaisoma ile meseji, inaipima kwa kanuni zilizotungwa na wakunga, halafu inamjibu mhudumu: huyu hana hatari, huyu aende kliniki wiki hii, huyu apandishwe boti leo leo.

Hapo kuna kazi mbili, si moja. Ya kwanza ni kusoma: mhudumu amesema nini? Ya pili ni kuamua: kwa hayo aliyoyasema, tufanye nini? Ni kazi mbili kama karani wa mahakama na hakimu walivyo watu wawili. Karani anaandika shahidi alichosema. Shahidi akinyamaza, karani anaandika kwamba shahidi amenyamaza. Hana ruhusa ya kujiongezea, "Naona huyu hana kesi." Hakimu ndiye atakayekitazama kile kimya na kukipa uzito wake.

Fadhili kamfanya karani na hakimu mtu mmoja, tena mvivu. Ni faili moja, refu mpaka macho yanauma. Mstari huu unatafuta neno "homa", unaofuata unaamua kuhusu homa, wa tatu unarudi tena kusoma. Kuna mahali anasoma umri wa mama, na hapo hapo, meseji hajaimaliza, ameshampanga kwenye wasio na shida. Nilipomuuliza kwa nini hajazitenganisha hizi kazi, alinijibu kwamba hivi inakwenda haraka zaidi. Haraka ya nini, baba? Mtu anasubiri nusu siku maji yajae ili boti itoke, wewe unaokoa kufumba na kufumbua kwenye mashine iliyoko Dar!

Huyu mtu deltani kafika mara moja. Alishuka Nyamisati kavaa jaketi la kuokolea tangu yuko kwenye gari, akapiga picha na boti ambayo hakuipanda, akauliza kama kuna sehemu wanauza kahawa ya mashine, akarudi. Ile picha mpaka leo iko kwenye tovuti ya mradi. Chini yake wameandika "karibu na jamii".

Basi Jumamosi. Nilikuwa nimepewa kazi ya kuongeza swali jipya, kama mama analala kwenye chandarua. Swali jepesi. Nimeliongeza, majibu ya kifafa cha mimba yakabadilika. Chandarua na kifafa cha mimba! Katika faili la Fadhili kila kitu kimeshikana na kila kitu, ukivuta uzi huku, pindo linafumuka kule. Ikabidi nizipitishe meseji za wiki nzima moja moja, nione kila moja inasomwaje, nijue nilipoharibu.

Ndipo nikakutana na meseji ya Shabani.

Shabani ni shemeji yangu, kamuoa Zuhura, na ndiye mhudumu wa afya wa kisiwa chao. Tunataniana sana. Mimi namwita daktari wa mikoko, yeye ananiita mwanamke wa kompyuta, anasema ndiyo maana sina mume, kompyuta ina wivu. Lakini kwenye kazi simtanii. Ni mhudumu mzuri kuliko wote tulionao. Wengine wanaandika "mama mzima" wanatuma. Shabani anaandika kila kitu: homa hana, damu haitoki, mtoto anacheza, anakula vizuri, juzi alianguka lakini hakuumia. Ukisoma meseji zake unaweza kumwona mama mwenyewe amekaa kibarazani.

Hii ilikuwa fupi. "Mama, miaka arobaini na mbili, mimba miezi minane. Amechoka. Mgongo unauma. Homa hana. Mtoto anacheza, amesema mwenyewe."

Habari ya damu hamna.

Chini yake programu ilikuwa imemjibu: "Hakuna dalili ya hatari. Aendelee kusubiri tarehe yake ya kliniki." Meseji hiyo ilikuwa ya Alhamisi.

Nikairudia. Miaka arobaini na mbili, miezi minane, kisiwa kile. Mjamzito wa umri huo pale kisiwani ni mmoja tu, na ni mama yangu mdogo. Mama mkwe wake Shabani.

Kwa asiye wa kwetu nitaeleza, maana Fadhili nilimweleza hakuelewa. Mwanamume na mama mkwe wake hawakai mkeka mmoja. Akimwona anakuja njiani anapisha, anachutama pembeni, anaamkia macho yakiwa chini. Hali naye, hataniani naye, hata jina lake halitaji. Najua mjini siku hizi wanakaa nao sebuleni wanaangalia tamthilia, hewala, kila mtu na kwao. Deltani bado. Na ile mimba yenyewe ilikuwa aibu tosha, mama mdogo kabeba wakati Zuhura naye ana watoto wanaokwenda shule. Alikuwa anajifunga kanga juu ya kanga watu wasione tumbo. Sasa Shabani amsogelee huyo mama amuulize, "Mama, damu inatoka?" Wallahi afadhali ajitose mtoni na mamba wakimwangalia.

Hakuuliza. Alichutama mbali, akamuuliza hali, akajibiwa uchovu na mgongo, akauliza homa, akauliza mtoto, akaishia hapo. Na kwa kuwa ni mkweli, hakuandika "damu haitoki". Aliacha. Katika meseji zake zote za wanawake wengine habari ya damu ipo, katika hii peke yake haipo. Mimi nilivyoiona nikajua. Shabani alikuwa anatuambia, kwa njia pekee aliyokuwa nayo, kwamba hapa mimi siwezi, tafuteni mwingine.

Na kinachoniua ni kwamba kanuni ipo! Tulipokaa na Sista Halima, mkunga aliyetutungia kanuni nyingi, hili ndilo alilolisisitiza akipiga meza kwa kalamu: mama ambaye hatujajua habari ya damu yake asiambiwe yuko salama, atafutwe mwanamke amuulize siku hiyo hiyo. Fadhili aliiandika. Nimeiona kwa macho yangu humo ndani ya faili, imeandikwa vizuri kabisa. Lakini haijawahi kuamka hata siku moja, kwa sababu huko juu, pale anaposoma meseji, aliweka mstari mdogo: neno damu lisipoonekana, weka hapana. Kwa hiyo kanuni ya Sista Halima imekaa inasubiri iambiwe "hatujui", na karani kila siku anaiambia "hapana". Ingesubiri mpaka kiyama.

Nilimpigia Zuhura. Nilimuuliza moja kwa moja, sisi ni wanawake.

"Tangu Jumatano, da Tatu," akasema. "Kidogo kidogo. Leo imezidi."

"Na mmekaa tu?"

"Si meseji ilisema hakuna hatari? Mama alishafunga mzigo wake Alhamisi, anataka kupanda boti. Ilivyokuja meseji, Shabani akanionyesha, nikamwambia mama, akafungua mzigo akarudi ndani."

Maana yake programu yetu isingekuwepo duniani, mama mdogo angekuwa hospitali tangu Alhamisi. Tulikwenda kwa watu waliokuwa wameshajua la kufanya, tukawaambia wasifanye.

Jumamosi hiyo walipotaka kutoka, maji yalikuwa yamekupwa. Mkondo wa kwao ukikupwa unabaki tope, boti imelala ubavu, hata uwe na mashine ya aina gani huendi popote. Wakasubiri maji yajae. Mimi nikakodi gari nikatangulia Nyamisati, nikakaa pale kati ya miti ya boriti iliyopangwa, nikawa natazama mdomo wa mkondo mpaka shingo ikauma. Sitaki kuyaandika mawazo yaliyonipitia.

Boti ilipotokea, niliona kitu ambacho sitakisahau. Mama mdogo kalazwa katikati juu ya godoro, kichwa kiko mapajani kwa Zuhura. Shabani kakaa mbele kabisa, kwenye ncha, mgongo kawapa. Safari yote alikuja hivyo. Zuhura ananiambia hakugeuka hata mara moja, alikuwa anauliza huku anatazama maji, "Anaongea? Bado anaongea?" Tulipompandisha mama kwenye gari, Shabani alibeba mizigo, akafunga mlango wa nyuma, akabaki pale pwani. Asingeweza kupanda gari moja na mkwe wake aliye katika hali ile. Nilimwona kwenye kioo anakuwa mdogo.

Mmeona nilivyoanza. Nimesema mama mdogo yuko hai, nimesema damu, nimesema uji. Sijasema kuhusu mtoto.

Na nyie mlikisikia hicho kimya, sivyo? Hakuna hata mmoja wenu aliyejiandikia kichwani "mtoto mzima". Basi mmeshampita Fadhili na shahada zake.

Alikuwa wa kiume. Kondo la nyuma lilikuwa limeanza kuachia siku kadhaa kabla, wakamtoa ameshakufa. Nilimuuliza daktari kama angefika Alhamisi ingekuwaje. Alipanga karatasi zake vizuri, akasema mama anahitaji kupumzika. Nikamshukuru. Mtoto tulimzika jana hapa Kibiti, shimo dogo hata wachimbaji hawakutoka jasho.

Leo asubuhi kikao, kwa mtandao. Fadhili katokea kwenye skrini nyuma yake rafu ya vitabu. Akatoa pole, lazima niseme kweli, pole alitoa, akainamisha kichwa kidogo. Baada ya hapo akafungua maelezo yake na neno la kwanza kwenye maelezo hayo lilikuwa "kosa la mtumiaji". Mhudumu hakujaza taarifa muhimu. Sistimu ilifanya kazi kama ilivyobuniwa.

Hilo la pili ni kweli. Ilifanya kazi kama ilivyobuniwa.

Halafu akatoa dawa yake. Tumlazimishe mhudumu. Meseji isipotaja damu, programu iikatae, asiweze kutuma chochote mpaka aandike ipo au haipo. Wale wengine wakatikisa vichwa kwenye vidirisha vyao, wazo zuri, wazo zuri, safi sana Fadhili. Nikafungua sauti. Nikasema, Shabani ukimlazimisha ataandika "haipo", si kwa sababu ni mwongo, kwa sababu umemfungia mlango wa kusema kweli. Kweli yake ni kwamba hajui na hawezi kuuliza. Sasa hivi uongo unasemwa na mashine, wewe unataka sasa usemwe na mtu.

Fadhili akacheka kile kicheko chake cha puani. "Dada, hatuwezi kujenga sistimu kwa ajili ya mila za kijiji kimoja."

Ebo! Kijiji kimoja? Delta nzima ndivyo ilivyo, na juu huku Ikwiriri, na mpaka Utete ukienda. Na hata ingekuwa kijiji kimoja, sistimu tumeijenga kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya rafu yake ya vitabu? Mtu anabuni kitu cha kusoma maneno ya watu wa Rufiji na hana haja ya kujua watu wa Rufiji wananyamaza lini. Halafu anaitwa mbunifu mkuu, analipiwa ndege kwenda kusimulia wenzake jinsi anavyosikiliza jamii. Nilimtazama pale kwenye skrini nikamwona mtupu kabisa, debe.

Nakiri, dharau hii naifurahia. Inanishikilia nisilie mbele za watu.

Bosi, ambaye hapendi kelele, akamaliza kikao kwa kunipa kazi. Kwa kuwa mimi niko karibu na familia, niandike ripoti fupi ya tukio, aya moja inatosha. Chanzo: mhudumu kutokamilisha taarifa. Niweke jina langu, nitume leo kabla ya ofisi kufungwa.

Nilikuwa na kitu kingine mkononi. Tangu jana baada ya maziko nilikuwa nimekaa na lile faili, nalipasua. Hakuna aliyenituma. Nimemtoa karani nikampa chumba chake. Anasoma meseji basi, na kwa kila swali anaruhusiwa majibu matatu tu: amesema ndiyo, amesema hapana, hakusema. Hajui hatari ni nini. Hajui kanuni hata moja. Hakimu yuko chumba kingine na meseji haioni kabisa, anapokea alichoandika karani, anapitisha kanuni za wakunga, anatoa jibu. Kesho wahudumu wakitaka kutuma kwa sauti badala ya maandishi, nitamfundisha karani kusikia, hakimu hata hatajua. Sista Halima akitaka kubadilisha kanuni, atabadilisha kanuni, chandarua hakitagusa kifafa. Si ugunduzi huu. Kila mwanafunzi anafundishwa.

Kikao kilipokwisha nikachukua meseji ya Shabani ya Alhamisi, kama ilivyo, nikaipitisha.

"Habari ya damu haijajulikana. Mama huyu asiambiwe yuko salama. Atafutwe mwanamke amuulize leo."

Kanuni ya Sista Halima, neno kwa neno. Imeamka kwa mara ya kwanza tangu iandikwe. Nilifunika kompyuta, nikafunga mlango wa ofisi, nikalia mpaka muuza misumari wa chini akaja kugonga kuuliza kulikoni.

Nilikuwa bado nanawa uso baada ya swala ya adhuhuri Shabani alipoingia. Amekuja kwa bodaboda kutoka Nyamisati, ana matope mpaka kwenye kope. Nikavuta kiti, hakukaa. Akatoa simu ya mradi mfukoni, kaifunga kwenye mfuko wa plastiki pamoja na chaja yake, akaiweka mezani taratibu.

"Nimeileta," akasema. "Mimi basi. Nimemuua shemeji yangu."

Shemeji ni kweli, yule mtoto alikuwa mdogo wake Zuhura, alikuwa shemeji yake kabisa, wangekuja kutaniana.

"Niambie kitu kimoja tu, shemeji. Nimefikiri njia nzima. Mimi pale ningeandika nini?"

Nikafungua kompyuta. Sikumwonyesha kazi yangu mpya, nilimwonyesha lile faili la zamani, ule mstari. Nikamweleza kwa Kiswahili cha kawaida: hapa ndipo meseji yako ilipopita, na hapa pameandikwa kwamba damu isipotajwa iwekwe hapana. Akausoma akifuata kwa kidole, hakugusa kioo. Akarudia kuusoma. Akainua macho kunitazama.

"Mimi sikuandika hapana."

"Hukuandika."

"Kaandika nani?"

Jina la Fadhili lilikuwa mdomoni kabisa. Nimelitaja siku nzima, kulitaja tena isingekuwa kazi. Lakini Shabani hamjui Fadhili. Anayemjua ni mimi. Mimi ndiye niliyekwenda kisiwani kwao nikakaa na Zuhura na mama mdogo jikoni, nikawaambia meseji zikija waziamini.

"Sisi, shemeji," nikasema. "Tumeandika sisi."

Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Akasema, "Basi kamwambie mama. Mama anadhani mimi ndiye niliyesema yuko salama. Amemwambia Zuhura hana kinyongo na mimi, amenisamehe. Mimi siwezi kwenda kumwambia."

Hawezi. Hata wodini hajaingia, ataingiaje? Akifika ataamkia kupitia dirishani, atasimama pembeni ili asionekane. Atabaki amesamehewa kosa asilolifanya, na heshima haimruhusu hata kujitetea.

Kaondoka. Simu kaiacha mezani, sikumlazimisha aichukue.

Ripoti nimeituma. Ni fupi kama walivyotaka. "Mhudumu hakuandika hapana. Alinyamaza kwa sababu mama ni mkwe wake. Programu yetu ikaandika hapana kwa niaba yake, ikamwambia mgonjwa asisafiri." Nimeweka majina yangu yote matatu, na nimeambatisha karani na hakimu wangu wapya. Fadhili ameshajibu, ameweka alama ya kuuliza peke yake. Bosi hajajibu. Wakinifukuza wanifukuze, Kibiti ina mabucha na maduka ya simu, sitakufa njaa.

Ya kumsema Fadhili yalikuwa mepesi.

Kesho asubuhi napeleka uji wodini. Zuhura atatoka kidogo akaoge, nitabaki na mama mdogo peke yetu. Atanishika mkono, ataniombea dua, atanishukuru kwa kuleta gari Nyamisati, ndivyo alivyo. Sharti nimwambie kabla hajaanza kunishukuru.

Sijui nitaanzia wapi.